Mafuta ya Oktoba

Verlyn Haugstad alimdanganya kaka yake Jumapili moja ya Oktoba, na alifanya hivyo ili kuokoa mwendo wa dakika arobaini. Soya yake ilikuwa bado shambani, mvua ilitabiriwa kuanza Jumanne, na siku mbili alizokaa ziwani na mkwewe zilikuwa zimeshamwonesha kwamba hakupaswa kwenda. Hata samaki wenyewe hawakupata wa maana. Alikuwa anarudi na boti ya Orrin nyuma ya pikapu, mgongo unamuuma, na kichwani anahesabu ekari zilizobaki.

Masharti ya kuazima boti aliyajua kwa moyo. Orrin aliyarudia Ijumaa, amesimama mlangoni mwa karakana yake akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Tangi lirudi limejaa. Na ujaze kule Storvik, pampu ya pembeni. Sio hapa mjini."

"Kaka, petroli ni petroli."

"Petroli ni petroli na pombe ni pombe. Nyinyi mmevichanganya, halafu mnatuuzia kwa jina moja."

"Asilimia kumi tu! Tena ni mahindi yangu hayo unayoyatukana."

"Mahindi yako nayapenda yakiwa na siagi," alisema Orrin. "Kwenye kabureta, hapana."

Mzaha huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini. Verlyn alilima mahindi na soya upande wa kusini wa mji, na alikuwa mjumbe wa bodi ya ushirika uliojenga kiwanda cha ethanoli, ile pombe ya mahindi inayochanganywa na petroli. Mvuke mweupe wa kiwanda hicho aliuona kila asubuhi akiwa jikoni kwake, na hakuna aliyeweza kumwambia neno baya juu yake, kwa sababu alikumbuka miaka ambayo mahindi yalikaa ghalani bila mnunuzi na majirani wakauza mashamba. Orrin, aliyemtangulia kwa miaka minane, alikuwa fundi wa injini ndogo: mashine za nyasi, misumeno, injini za boti, mashine za kurushia theluji. Yeye alikiona kiwanda kile kwa upande mwingine. Gari, alikuwa akisema, linamaliza tangi kwa wiki moja, mafuta hayapati nafasi ya kuharibika. Lakini mashine ya theluji inalala miezi minane. Ile pombe inavuta unyevu hewani, inalewa maji, halafu siku moja inajitenga na petroli na kuzama chini ya tangi. Hapo ndipo inapoanza kula alumini na kulainisha mipira. Nusu ya kazi zilizoletwa kwake zilitokana na hilo, na ndiyo maana kila mteja alimpa mahubiri yale yale: nenda Storvik, ni maili thelathini na nane, kuna pampu moja ya mafuta yasiyochanganywa, imeandikwa kwamba ni ya boti na mashine ndogo. Jaza dumu. Utanishukuru.

Jioni ile ya Jumapili Verlyn alifika njia panda. Kulia Storvik, kushoto nyumbani. Alikata kushoto. Alijaza tangi jekundu la boti kwenye kituo cha pale pale mjini, karibu na maghala ya ushirika, na alipokuwa akiminya pampu alijiambia kwamba kaka yake ni mtu mzuri mwenye ushirikina wake, kama watu wengine wanavyoogopa paka.

Orrin alimpokea uani.

"Umejaza kule?"

"Nimejaza kule."

"Pampu ya pembeni?"

"Ya pembeni, kaka. Unataka nishike Biblia?"

Orrin akacheka. Mafuta ya watu wengine alikuwa akiyapima. Alikuwa na mrija wa kioo wenye alama; anatia maji hadi kwenye alama, anajaza petroli juu, anatikisa, anasubiri. Maji yakionekana yameongezeka, basi mna pombe, imekimbilia kwenye maji. Siku ile mrija ulikuwa umening'inia pale pale ukutani, nyuma ya bega lake. Hakuugusa. Aliyamwaga mafuta yale kwenye dumu kubwa la karakana, kama alivyofanya kila mwaka boti ilipoingia ndani, akabakiza kidogo tu tangini. Kisha akabandika karatasi kwenye dumu na kuandika: *Oktoba. Verlyn. Safi.*

Dumu lile ndilo alilotumia majira yote ya baridi. Mashine yoyote ikimaliza matengenezo, aliitilia mafuta kidogo kutoka humo, aiwashe, aisikilize, na mteja aondoke nayo ikiwa tayari kwa kazi.

Wa kwanza kurudi alikuwa Bi Arvilla Dokken, mjane wa miaka themanini na moja aliyewafundisha kusoma wote wawili, Orrin na Verlyn. Mashine yake ya theluji ilizimika kabla ya Krismasi, katikati ya njia ya kutokea gereji. Alichukua koleo, akazoa theluji kwa mikono, na mgongo ukamlaza wiki nzima. Orrin aliifuata mashine mwenyewe. Alipofungua kabureta alikuta maji, na chini yake unga mweupe kama chokaa. Alijua mafuta yasiyochanganywa hayapati maji hivi hivi. Basi akaona kosa ni lake. Ameacha kifuniko cha dumu wazi, theluji imeingia. Hakukumbuka kukiacha wazi. Jambo hilo ndilo lililomtia hofu.

Januari ilikuja mashine ya theluji ya kanisa, iliyokufa asubuhi ya mazishi huku gari la maiti likisubiri barabarani. Orrin alikuta mpira wa kupitishia mafuta umelainika kama ulimi. Alikuwa na hakika ameubadilisha mwezi Novemba. Mpira mpya haulainiki kwa miezi miwili. Kwa hiyo hakuubadilisha. Kwa hiyo alidhani tu ameubadilisha. Alikaa juu ya kiti chake kwa muda mrefu, mpira mkononi, na siku hiyo akafunga kazi saa sita mchana.

Mama yao alianza hivyo hivyo. Aliacha jiko linawaka, akaweka viatu ndani ya friji, na miaka minne baadaye akawa anamwita Orrin "bwana posta" na kumshukuru kwa barua. Orrin ndiye aliyemtunza hadi mwisho. Verlyn alikuwa akija Jumapili tu.

Verlyn alizipata habari hizi mahali alipopata habari zote, kwenye meza ya kahawa ya ushirika, saa tatu asubuhi. Gaylen Rud, jirani yake wa mashamba, alikuwa amerudishiwa msumeno wake kutoka kwa Orrin na haukumaliza hata mti mmoja.

"Nimeufungua mwenyewe," alisema Gaylen. "Maji, jamani! Nikamwambia, Orrin mzee wangu, msumeno unanywa petroli, samaki ndio wanakunywa maji."

Watu wakacheka.

"Akasemaje?" Verlyn aliuliza.

"Aliomba radhi. Alisema anadhani ameacha dumu wazi. Verlyn, nisikuudhi, lakini kaka yako anachoka. Pale pale alipokuwa akiongea alikuwa anaandika kwenye kijidaftari. 'Nimefunga kifuniko, saa nne na robo.' Nimeona kwa macho yangu."

Verlyn alilikumbuka lile tangi jekundu. Oktoba. Aliendelea kukoroga kahawa isiyokuwa na sukari wala maziwa. Alijiambia kwamba haiwezekani, magari ya nchi nzima yanakwenda kwa mafuta yale. Tena palepale mezani, wiki mbili nyuma, alikuwa amewaambia wenzake kwamba asilimia kumi haijaua mtu. Akiwaza kwenda kwa Orrin, aliisikia sauti yake mwenyewe ikieleza, na akawaona watu wa meza hii nao wakijua. Akajiambia angoje kidogo. Dumu likiisha, balaa litaisha lenyewe, na Orrin atatulia.

Dumu liliisha. Orrin hakutulia.

Mwezi Februari Verlyn alipigiwa simu na Marit, binti pekee wa Orrin, aliyekuwa muuguzi mjini Duluth, mwendo wa saa tano.

"Ba'mdogo, baba amekubali kumwona daktari. Naomba umpeleke wewe. Mimi nikija ataona namfanya mgonjwa."

"Nitampeleka, mwanangu."

"Unamwona mara nyingi kuliko mimi. Wewe unaonaje? Niambie ukweli."

"Anachoka tu," alisema Verlyn. "Ni baridi."

Njiani Orrin alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mashamba yalikuwa meupe pande zote mbili, na upepo ulivusha theluji juu ya lami kama moshi. Baada ya maili kumi hivi akauliza, "Mama alianzaje hasa? Jiko au viatu?"

"Sikumbuki, kaka."

"Hata wewe hukumbuki." Akatabasamu kidogo. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini na nne, mdogo wangu. Mashine ya Bi Arvilla ningeitengeneza nimefumba macho. Sasa naamka asubuhi nakwenda kuangalia kama nilichofanya jana nimekifanya. Nakuta nimekifanya. Halafu mashine inarudi imekufa. Bora ningekuta sijakifanya, ningejua niko wapi."

Verlyn alifungua mdomo. "Kaka..."

"Ehe?"

Orrin alikuwa amemgeukia, macho yake ya samawati yamelegea kwa kukosa usingizi, na Verlyn akaona kwamba ni rahisi kabisa, ni maneno manne au matano tu.

"Hapo mbele kuna barafu," alisema. "Funga mkanda vizuri."

Kwa daktari Verlyn alikaa kwenye chumba cha kungojea saa nzima, akipindua gazeti la uvuvi. Daktari alimwambia Orrin achore saa inayoonesha saa tano na dakika kumi, na akumbuke maneno matano. Orrin alitetemeka mkono. Maneno mawili yalimpotea. Daktari alikuwa mwangalifu; alisema hofu nayo inaweza kumpotezea mtu maneno, warudie baada ya miezi sita. Lakini Orrin alishika ile hesabu ya mawili kati ya matano, akatoka nayo hadi garini kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Mwisho wa Machi alishusha kibao cha karakana. Aprili kukawa na mnada wa vifaa vyake. Watu walikuja kutoka kaunti tatu, wakanunua mashine ya kunolea, madawati, vipuri vilivyopangwa kwenye makopo ya kahawa yenye majina yaliyoandikwa kwa mwandiko wa Orrin. Verlyn alisaidia kubeba. Alishika upande mmoja wa benchi la kazi na mnunuzi akashika mwingine, wakalipandisha kwenye lori, na mnunuzi akasema benchi kama hili halitengenezwi tena. Orrin hakutoka nje. Alikaa jikoni na Marit, akila kipande cha keki alichokatiwa, kidogo kidogo, hadi magari yote yakaondoka.

Hata siku hiyo Verlyn hakusema. Alijiuliza ingesaidia nini sasa, na swali hilo lilimtuliza kwa wiki tatu.

Ilikuwa katikati ya Mei, siku moja baada ya msimu wa uvuvi kufunguliwa, Orrin alipofika shambani kwa Verlyn. Alikuja kwa miguu, maili mbili. Verlyn alikuwa anatia mbegu kwenye mashine ya kupandia. Orrin alitoa funguo mfukoni akamnyooshea.

"Zishike wewe."

"Funguo za nini?"

"Za pikapu. Nisije nikaua mtu. Marit hajaniambia, nimeamua mwenyewe. Jumatano utanipeleka dukani, na Jumapili kanisani. Nikihitaji zaidi nitapiga simu, kama nitakumbuka namba."

Alikuwa amejaribu kuifanya mzaha. Verlyn alizitazama zile funguo kwenye kiganja cha kaka yake, kiganja ambacho weusi wa grisi ulikuwa haujatoka mistarini. Akakaa juu ya gunia la mbegu.

"Kaka, sikujaza Storvik."

"Nini?"

"Oktoba. Boti. Sikwenda Storvik. Nilijaza hapa mjini. Nilikuambia uongo."

Orrin hakuelewa mara moja. Alibaki amenyoosha mkono, funguo zinaning'inia. Kisha Verlyn akaona jambo likimwingia, taratibu, kutoka machoni kushuka chini, kama mtu anayefuata mpira wa mafuta kwa kidole akitafuta tundu.

"Dumu," alisema Orrin.

"Dumu lote."

"Bi Arvilla. Kanisa. Gaylen."

"Wote."

"Ulijua lini?"

Swali hilo ndilo Verlyn alilokuwa amelikimbia tangu majira ya baridi. "Januari," alisema.

"Januari." Orrin alihesabu kimya. "Basi ulipokuwa unaniendesha kwenda kwa daktari ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Orrin alirudisha funguo mfukoni. "Nipeleke nyumbani," alisema.

Karakana ilikuwa tupu, ukuta umebaki na alama nyeupe mahali vifaa vilipokuwa vimetundikwa. Mrija wa kioo haukupata mnunuzi, ulikuwa dirishani. Boti nayo ilikuwa bado pembeni, na chini ya kiti chake tangi jekundu lenye mafuta ya kubakiza. Orrin alitia maji hadi kwenye alama. Akamimina petroli. Akatikisa, akausimamisha mrija kwenye mwanga wa dirisha, wakasubiri wote wawili. Maji yalipanda juu ya alama, upana wa kidole.

Orrin aliangalia kwa muda mrefu. Mabega yalianza kumtikisika, na Verlyn alidhani anacheka, kisha akaona hacheki.

"Ya kila mtu niliyapima," alisema Orrin. "Ya mchungaji niliyapima. Ya kwako sikuyapima."

"Nisamehe, kaka."

"Unajua usiku nilikuwa nafanya nini? Najisomea yale maneno matano. Mpaka leo nayajua. Uso, velveti, kanisa, ua, nyekundu." Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nenda sasa. Nenda nyumbani, Verlyn."

Verlyn hakuambiwa na mtu afanye alichofanya wiki iliyofuata. Aliacha mashine ya kupandia na jua limewaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa mchungaji, kisha kwenye meza ya kahawa. Aliwaambia wote kwa pamoja, amesimama: mafuta yaliharibika kwa sababu yake, alidanganya, na kichwa cha Orrin hakikuwa na kosa lolote katika mashine zile. Gaylen aliangalia kikombe chake. Mjumbe mwenzake wa bodi alisema, "Sasa na wewe usiende kusema hivyo kwenye magazeti," na wengine wakacheka kwa kukosa la kufanya. Verlyn hakucheka.

Bi Arvilla alimpokea jikoni, akamkalisha, akamsikiliza hadi mwisho akiwa ameweka mikono juu ya meza kama zamani darasani.

"Alikuja hapa Februari," alisema. "Unajua hilo?"

"Sijui, mama."

"Alisimama hapo mlangoni na kofia mkononi. Alisema, 'Mwalimu, naogopa siwezi tena kazi, na wewe ndiye umeumia, kwa hiyo nimeanza kwako.' Nikamwambia hakuna neno. Lakini nilienda kununua mashine mpya, Verlyn. Na pale kanisani nilisema maskini Orrin amekuwa kama mama yake. Mimi nilisema hivyo. Kwa sauti." Akanyoosha kitambaa cha meza. "Mimi nitamwomba radhi kwa hilo langu. Lako siwezi kukusaidia."

Agosti Orrin alirudi kwa daktari, safari hii Marit akiwa pamoja naye. Alichora saa bila kutetemeka na maneno yote matano, mapya, akayataja. Daktari akasema haoni ugonjwa. Marit alimpigia Verlyn simu kumweleza, maneno machache ya adabu, bila kumwita ba'mdogo.

Watu walimwomba Orrin afungue tena. Kanisa lilijitolea kumchangia vifaa. Verlyn mwenyewe alikwenda kutafuta lile benchi na kumkuta mnunuzi ameshalikata mbao za rafu. Orrin aliwashukuru wote na kukataa. Alisema miezi ile ya kujiogopa imemchosha uchovu ambao haujamtoka, na kwamba yuko fundi kijana huko Storvik, mashine ziende kwake.

Siku hizi anaendesha pikapu yake mwenyewe. Jumapili baada ya ibada huwa anapita kwa Verlyn, anakunywa kahawa barazani, na wanazungumza habari za mazao na wajukuu kama ndugu wawili wowote. Jumapili moja ya Septemba Verlyn alimwambia mvua itanyesha Alhamisi, amesikia redioni, hivyo kama ana nyasi za kukata azikate mapema. Orrin akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Baada ya dakika chache akainuka kama mtu wa kujinyoosha, akaenda hadi kwenye gari lake, akafungua mlango. Verlyn alimsikia akiwasha redio na kutafuta kituo, akisubiri utabiri wa hali ya hewa uanze.